Kutoka Mumbo hadi Marani

Januari 1908, katika nchi ya Kitutu, magharibi ya Kenya, kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki Geoffrey Northcote, ofisa wa Kiingereza aliyetawala Gusii kutoka kambi changa ya Kisii. Northcote alipona. Simulizi za Kisii na Nyamira zinasema nyuma ya mkuki ule alikuwapo mwanamke, Moraa, mganga na mwonaji, aliyewaahidi vijana kwamba dawa yake ingezifanya risasi za Mzungu kuwa maji. Haikuwa hivyo. Kikosi cha adhabu kilichoma nyumba, kikateka ng'ombe na kuua watu wengi, hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri katika Wizara ya Makoloni huko London, akapeleka malalamiko kuhusu mauaji hayo. Otenyo naye aliuawa, na mpaka leo wapo Kisii wanaodai kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na kwamba lazima kirudishwe.

Hivyo ndivyo serikali ya kikoloni ilivyofahamiana na uganga wa Gusii: kwa mkuki, kisha kwa bunduki. Ilipita karibu miaka 40 kabla haijamtuma mtu mwenye daftari kwenda kuuliza watu hawa wanaamini nini na kwa sababu gani. Kisa cha waliokuja na madaftari ndicho ninachotaka kusimulia, kwa sababu waliyoyagundua yalikuwa ya maana sana, na watu waliohitaji kuyajua kuliko wote hawakuyapata.

Ukienda Gusii ukitafuta miungu mingi yenye majina, ngoma zake na mahekalu yake, kama katika Vodou, dini ya watu wa Haiti, hutaipata. Wagusii wa kale walimjua Mungu mmoja, Engoro, aliyehusishwa na jua, na ambaye hakusumbuliwa kwa mambo ya kila siku. Walioingia nyumbani na kudai haki yao walikuwa wazee waliokufa, ebirecha. Mtoto akiugua na haponi, mke akiharibu mimba mara kwa mara, au ng'ombe wakifa mfululizo, familia ilikwenda kwa omoragori, mpiga ramli, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke. Yeye ndiye aliyesema ni babu yupi aliyesahauliwa, ni kafara ipi haikutolewa. Na kama si babu, alisema ni binadamu aliye hai. Hapo ndipo jambo lilipogeuka kuwa zito, kwa kuwa mzimu unaweza kupozwa kwa mbuzi, lakini jirani mchawi hapozwi kwa mbuzi.

Kulikuwa na mungu mmoja tu aliyekaribia wale wa Haiti, na huyo alikuja kutoka ziwani. Mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego, upande wa Wajaluo, alisimulia kwamba nyoka mkubwa kupita kiasi alitoka katika Ziwa Viktoria, akammeza, kisha akamtema akiwa mzima. Nyoka huyo aliitwa Mumbo, naye alimpa ujumbe: dini ya Wakristo imeoza, na nguo zao pia, wafuasi waache nywele zikue, wavae ngozi, wachinje wanyama wao, Wazungu ni adui, na siku zao za kuondoka zimekaribia. Katika muda mfupi habari hiyo ikapanda vilima hadi Gusii, ikakuta mahali palipokwisha lainishwa. Wagusii walikuwa na mwonaji wao, Sakawa, aliyetoweka mwanzoni mwa karne ya ishirini, na simulizi zilisema alitabiri kuja kwa wageni na hata kuonyesha mahali ambapo mji wa Kisii ungejengwa. Wengi waliamini hakufa, na kwamba angerudi. Mumbo na Sakawa wakaunganishwa katika tumaini moja.

Kisha, tarehe 12 Septemba 1914, Wajerumani waliovuka mpaka walipigana na Waingereza mjini Kisii. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wameuhama mji, na kwa siku kadhaa hapakuwa na mtawala. Kwa mtu aliyesikia ujumbe wa Mumbo mwaka uliotangulia, ni ushahidi gani mwingine uliohitajika? Watu waliingia mjini wakachukua vilivyokuwamo, na misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu nayo ikaporwa. Waingereza waliporudi, walirudi na adhabu ya ng'ombe na ya damu. Katika miaka iliyofuata viongozi wa Mumbo walikamatwa, na baadhi yao wakahamishiwa Lamu, mwendo wa nchi nzima kutoka ziwani hadi baharini. Imani haikufa. Iliibuka tena wakati wa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikakandamizwa tena, na mwaka 1954, hali ya hatari ikiwa imetangazwa kwa sababu ya Mau Mau, Mumbo iliwekwa katika orodha ya dini zilizopigwa marufuku.

Haiti ilikuwa na historia inayofanana na hiyo kiasi cha kushangaza. Huko pia nyoka, Danbala, ni mungu mkubwa. Huko pia askari wa kigeni, Wamarekani, walitawala kuanzia 1915 hadi 1934. Huko pia dini ya wenyeji iliteswa kwa jina la ustaarabu. Tofauti ni kwamba Haiti ilipata watafiti waliokwenda kukaa na waumini mapema. Zora Neale Hurston, mwandishi na mwanaanthropolojia Mmarekani Mweusi, alikuwa Haiti mwaka 1936 na 1937, na kitabu chake kilitoka 1938 waumini wakiwa bado hai kueleza kile walichokiona. Mumbo ilibidi ingoje hadi miaka ya 1960, alipokuja Kenya mwanasosholojia Audrey Wipper, akachambua faili za maofisa na kuzungumza na wazee. Kitabu chake kilitoka 1977. Wakati huo wengi wa waliohamishiwa pwani walikuwa wamekwisha kuzikwa, na sauti zao tunazisikia hasa kupitia kalamu za waliowakamata.

Serikali ilipoamua kuuliza, haikuuliza juu ya mizimu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilimleta Philip Mayer, mzaliwa wa Ujerumani, kama mwanasosholojia wa serikali. Ilitaka kujua mambo yaliyoisumbua mahakama: koo zinagawanyika vipi, ardhi ni ya nani, mahari inadaiwa vipi. Mayer alitoa chapisho kuhusu mfumo wa koo mwaka 1949, na jingine kuhusu sheria ya mahari mwaka 1950. Mkewe, Iona, naye aliandika juu ya nasaba za Wagusii. Kazi hiyo ni ya uangalifu mkubwa, na mtu yeyote anayetaka kujua boma la Kigusii lilivyopangwa hana budi kuisoma.

Lakini jambo kubwa zaidi alilolibeba Mayer kutoka Gusii alilitoa mbali na Gusii. Mwaka 1954, akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Grahamstown, Afrika Kusini, alitoa mhadhara wa kupokea kiti chake, na mada ilikuwa wachawi. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ni hii: mchawi hatafutwi mbali. Mtu hamshuku mgeni wala adui wa vita, kwa sababu adui wa vita anajulikana na anapigwa waziwazi. Anayeshukiwa ni yule ambaye jamii inasema unapaswa kumpenda: shemeji, mke mwenza, binamu wa baba mmoja, jirani wa mpaka wa shamba. Mkiwa mnapendana kweli, hakuna shutuma. Mkichukiana na mnaweza kuhama, hakuna shutuma. Shutuma huzaliwa pale watu wanapolazimika kuishi pamoja wakiwa hawawezi tena kuvumiliana, na hawana njia ya heshima ya kulisema hilo.

Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alikuwa amefungua njia hiyo mwaka 1937 kwa kitabu chake juu ya Wazande wa Sudan ya wakati huo. Alionyesha kuwa Mzande anajua vizuri kabisa ghala likianguka ni kwa sababu mchwa wameila nguzo. Swali lake ni lingine: kwa nini limeanguka saa ileile ambayo mtu fulani alikuwa ameketi chini yake? Mayer alilisogeza swali hilo hadi uani kwa watu. Kwangu mimi yeye alikwenda mbali zaidi, kwa kuwa alimtazama anayeshutumu kwa umakini uleule aliomtazamia anayeshutumiwa.

Mwishoni mwa 1955 walifika Robert na Barbara LeVine. Robert hakuwa ametimiza miaka 25. Hawakuja kwa ajili ya uchawi hata kidogo. Walikuja kuangalia jinsi watoto wanavyolelewa. Utafiti wao ulikuwa sehemu ya mradi mkubwa ulioongozwa na John na Beatrice Whiting pamoja na wenzao, uliolinganisha malezi katika jamii sita: moja Kenya, na nyingine India, Mexico, Ufilipino, Okinawa na Marekani. Kijiji cha Gusii walikipa jina la kubuni, Nyansongo, ili kuwalinda wenyeji. Walikaa mpaka 1957.

Mtu akikaa hivyo mahali pamoja akihesabu nani amembeba mtoto, nani amempiga, nani amemlisha, atasikia pia kila kinachosemwa usiku. LeVine alisikia habari za omorogi, mchawi, ambaye mara nyingi ni mwanamke na aliyefundishwa kazi hiyo, pengine na mama yake. Wachawi hutoka kwa makundi usiku, uchi, wakiwa na chungu chenye moto ambacho hukifunika na kukifunua. Ndiyo maana mtu akiona mbali kilimani mwanga unawaka, unazima, kisha unawaka mahali pengine, hajiulizi ni nini. Wanafukua maiti iliyozikwa karibuni. Wanachukua nywele, kucha, au kitu chochote kilichotoka mwilini mwa mtu, na kukificha ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwenye paa la nyasi au ukutani.

Dhidi yao palikuwa na wataalamu, na kazi zao ziligawanywa vizuri. Omoragori alisema tatizo ni nini. Omoriori alikuja nyumbani kutafuta na kuchimbua vilivyofichwa, mbele ya wenye nyumba waliosimama wakitazama paa likipekuliwa na ukuta ukitobolewa, wakingoja kuona nini kitatolewa. Omonyamosira alikuwa na dawa ya kumlipa mchawi kisasi, dawa iliyoogopwa na wasio na hatia pia. Hawa ni tofauti na omobari, mpasuaji wa mafuvu, ambaye sifa yake ya kumtibu mtu aliyepigwa kichwani kwa kukwangua mfupa ilivuka mipaka ya Kenya na kuwafikisha madaktari wa kigeni Kisii. Wageni wengi wamewachanganya wote katika jina moja la mganga, na hilo limewakosea heshima watu waliokuwa na elimu ya mikono iliyojaribiwa kwa vizazi.

Angalia jambo moja katika mpangilio huo. Mchawi alijulikana, akatajwa faraghani, akapigwa kwa dawa, kwa siri. Akifa, watu walijua moyoni ni kwa nini. Aliyeshutumiwa aliweza kuishi miaka mingi akiogopwa, akihudhuria maziko na kuvuna wimbi lake. Sisemi maisha hayo yalikuwa mepesi. Kumwangalia mwanamke mzee kila siku kama muuaji ni ukatili. Lakini vita vilipiganwa kwa dawa, na dawa haichomi nyumba.

Mwaka 1962 LeVine alichapisha makala ambayo naiona kuwa yenye thamani kuliko yote yaliyoandikwa juu ya suala hili katika magharibi ya Kenya. Alilinganisha majirani watatu: Wajaluo, Wagusii na Wakipsigis. Wote walioa wake wengi. Kwa Wajaluo, wake wenza waliishi uani pamoja, mlango ukitazamana na mlango. Kwa Wagusii, kila mke alikuwa na nyumba na mashamba yake, lakini si mbali. Kwa Wakipsigis, wake waliweza kukaa mbali kabisa. Na shutuma za uchawi zilifuata mpangilio huohuo: kali zaidi kwa Wajaluo, za kati kwa Wagusii, chache kwa Wakipsigis. Wagusii wenyewe walilijua jambo hilo kabla ya msomi yeyote. Chuki ya wake wenza ina jina lake katika Ekegusii, engareka. Alichofanya LeVine ni kuonyesha kwamba hasira hiyo huongezeka na kupungua kwa kipimo cha hatua kati ya mlango na mlango.

Sasa chukua matokeo hayo uyaweke juu ya historia ya ardhi. Wakati wa LeVine, Wagusii walikuwa kama robo milioni. Kahawa ilikuwa imeingia tangu miaka ya 1930, baadaye chai na pareto, na kila kipande cha ardhi kikapata bei. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Vilima ni vilevile. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana, mwana kwa mjukuu, hata yamekuwa vipande vyembamba vinavyoshuka kutoka barabarani hadi mtoni. Siku hizi ndoa za wake wengi zimepungua, lakini ndugu wanne na wake zao wanabanana mahali ambapo babu yao alichunga ng'ombe. Kama LeVine alikuwa sahihi, na mimi naamini alikuwa sahihi, basi tangu 1962 ilikuwa imeandikwa wazi nini kingetokea watu wakisongamana hivyo.

Kilichotokea kilianza 1992. Kwa muda wa karibu miaka miwili, hadi 1994, makundi ya wanakijiji katika sehemu mbalimbali za Gusii yaliwatoa watu majumbani, yakawashutumu uchawi, yakawachoma moto. Hakuna omonyamosira aliyeitwa. Kisasi cha siri kiligeuka kuwa hukumu ya hadharani, na mafuta ya taa yakachukua nafasi ya dawa.

Aliyekwenda kuuliza kwa nini alikuwa mwana wa nyumbani. Justus Ogembo, Mgusii aliyesomea anthropolojia Harvard, alifanya utafiti katika vijiji vilivyohusika, na kitabu chake kilitoka 2006. Hakukubali jibu jepesi kwamba watu walirudi kwenye ushenzi wa kale, kwa kuwa wazee hawakuwa na desturi ya kuchoma watu kwa makundi namna hiyo. Aliuliza kwa nini mwaka ule na si mwingine. Akaitazama Kenya ya wakati huo: masharti ya wakopeshaji wa kimataifa yaliyopandisha gharama za hospitali na shule, uchaguzi wa Desemba 1992, wa kwanza baada ya vyama vingi kurejeshwa, mapigano ya kikabila kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, mahubiri ya uamsho yaliyomwona shetani kila mahali, na ugonjwa mpya uliowaua vijana wakiacha wazee. Mtu aliyeona mwanawe wa miaka 25 akinyauka, hospitali haina dawa na redio inazungumzia vita, alihitaji maelezo, na maelezo yaliyokuwa karibu kuliko yote yaliishi upande wa pili wa ua.

Nafsi yangu inamheshimu sana Ogembo kwa kazi hiyo. Mayer alikuwa mwajiriwa wa serikali, LeVine alikuwa mgeni mwema. Ogembo alikuwa akiandika juu ya watu ambao angekutana nao sokoni na mazikoni maisha yake yote. Kumwelewa mwuaji bila kumsamehe, na kumlilia aliyeuawa bila kuwafanya majirani zake kuwa wanyama, ni kazi ngumu kwa mtu wa nyumbani.

Lakini mhadhara wa Mayer ulitolewa Grahamstown. Kitabu cha akina LeVine juu ya Nyansongo kilichapishwa New York mwaka 1966. Kitabu cha Ogembo nacho kilitoka katika jimbo hilohilo la New York. Vyote ni vya Kiingereza, vya bei ya maktaba za vyuo. Chifu wa lokesheni anayesikiliza kesi za mipaka ya shamba, mchungaji wa Kisabato, mwalimu wa shule ya msingi, kijana aliyebeba kiberiti: hawa ndio waliopaswa kuwa wasomaji wa kwanza, kwa Ekegusii na kwa Kiswahili. Wangejua kwamba shutuma nyingi zina mpaka wa shamba au deni nyuma yake, na kwamba swali la kwanza la kumuuliza anayeshutumu ni mna ugomvi gani.

Sheria nayo haikusaidia. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925. Inaadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na inaadhibu pia anayemwita mwenzake mchawi, lakini inamruhusu kupeleka shutuma hiyo kwa chifu, polisi au mtu mwingine wa mamlaka. Kwa hiyo chifu anapokea shutuma bila chombo chochote cha kuichunguza, na asipofanya kitu, watu husema serikali inawalinda wachawi. Kutoka hapo hadi kwenye moto si mbali.

Mei 2008, huko Nyakeo, Kisii, kundi la watu lilichoma watu 11 hadi kufa, wengi wao wanawake wazee. Oktoba 2021, katika eneo la Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kupigwa na kuchomwa moto, wakishutumiwa kumroga kijana wa shule. Video zilisambaa katika simu za nchi nzima. Kwa siku chache kila mtu alikuwa na maoni juu ya Wakisii.

Watoto ambao akina LeVine na wenzao waliwachunguza Nyansongo walikuwa wa umri wa kati ya miaka 3 na 11. Baadaye, data za jamii sita zilipolinganishwa, watoto wa Nyansongo walionekana miongoni mwa waliojali na kusaidia wengine zaidi. Wasichana wadogo wa pale walibeba wadogo zao mgongoni, wakawalisha uji na kuwabembeleza mama akiwa shambani. Wasichana wa kizazi hicho, walioishi, walikuwa na umri wa kati ya miaka 67 na 77 mwaka ule wa Marani, na huo ndio umri ambao mwanamke wa Gusii, akiwa mjane mwenye kipande cha ardhi, huanza kuitwa mchawi.